Kioo cha Paa

Msomaji mpenzi, kuna makosa ambayo mtu huyatenda kwa kutojua, na kuna makosa ambayo huyatenda kwa kudhani kuwa anajua. Haya ya pili ni mabaya zaidi, kwa kuwa anayedhani kuwa anajua haulizi, na asiyeuliza hana njia ya kusahihishwa. Mimi ni mwalimu katika chuo cha ualimu. Umri wangu ni miaka 30 na ushei, na kazi yangu ni kuwafundisha wale watakaokufundisha wewe na wadogo zako. Kila mwaka huwaambia wanafunzi wangu kwamba mtoto husikilizwa kwanza na kuhukumiwa baadaye. Kwa hiyo kisa hiki nakusimulia kwa haya. Lakini nakusimulia, kwa sababu ndani yake mna elimu ya kioo, na mna elimu nyingine ambayo kioo kilinifundisha kwa kuvunjika.

Miaka michache iliyopita nilinunua motokaa. Haikuwa mpya. Kama motokaa nyingi zipitazo katika barabara zetu za Kenya, ilikuwa imetumika kwanza Japani, kisha ikaletwa kwa meli hadi bandari ya Mombasa. Paani mwake palikuwa na dirisha la kioo. Ukibonyeza kitufe, kioo hurudi nyuma na upepo ukaingia. Ukikifunga, bado waweza kuitazama mbingu. Mama yangu alilipenda dirisha hilo kuliko kitu kingine chochote cha motokaa ile. Alikuwa akiketi kiti cha nyuma, akinitaka nilivute pazia la ndani, kisha akitazama mawingu safari nzima, akisema kwamba sasa amejua wanavyosafiri ndege.

Siku moja nilimpelekea fundi motokaa ili abadilishe mpira wa ukingoni mwa kioo kile, uliokuwa umekauka na kupasuka kwa jua. Alipoutoa mpira wa zamani aliniita, akanionyesha kwa kidole.

"Mwalimu, tazama hapa," alisema. "Ukingo umemeguka. Yaonekana kioo hiki kilipata kutolewa na kurudishwa kwa nguvu. Heri ukibadilishe."

Nilitazama. Pengo lenyewe lilikuwa dogo kuliko punje ya mchele. Nikauliza bei ya kioo kingine, akaitaja, nikaona ni kubwa mno kwa jeraha dogo kama lile. Nikamwambia kwamba nitarudi mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ulifika ukapita, nami nikasahau. Au, nikisema kweli yote, nikajisahaulisha.

Ulipofika mwezi wa Agosti, chuo kilipofungwa, mimi na mama yangu tulisafiri kwenda Voi kuhudhuria harusi ya ndugu yetu. Tuliondoka Mombasa adhuhuri. Motokaa ilikuwa imesimama juani tangu asubuhi, na paa lake lilikuwa la moto hata mkono haukuweza kulishika. Nikawasha mashine ya kupoza hewa kwa nguvu zake zote. Tukapita Mazeras, tukapita Mariakani, ambako malori yalikuwa yameandamana kama siafu, tukaiacha Samburu nyuma yetu. Tulipokaribia Taru, mahali ambapo barabara imenyoka katikati ya vichaka vikavu, tulisikia mlio mkubwa kama wa bunduki juu ya vichwa vyetu. Mara upepo ukaingia kwa kishindo, na vipande vya kioo vikamnyeshea mama yangu kama mvua ya mawe.

Nilisimamisha motokaa kando ya barabara. Mama alikuwa amejifunika uso kwa leso yake. Nilipomtoa nje na kumkung'uta, nilimshukuru Mungu kuona kwamba hakuwa na jeraha ila mikwaruzo miwili mitatu mikononi. Ndipo nilipoinua macho nikamwona kijana mmoja wa miaka kama 13, amesimama na mbuzi wake hatua chache kutoka barabarani. Mkono mmoja alishika fimbo, na mkono wa pili alishika jiwe.

Msomaji, nakuomba ujiweke mahali pangu kwa dakika moja. Kioo kimevunjika. Kijana yupo. Jiwe lipo. Je, ungehitaji ushahidi gani zaidi? Mimi sikuhitaji. Nilimkamata mkono, naye akawa akitetemeka na kusema, "Si mimi, si mimi," nikamwongoza hadi kwa babu yake, aliyekuwa ameketi chini ya mti karibu na boma lao. Nikamweleza mzee yule kwa ukali yaliyotokea.

"Mwanangu," aliniuliza kwa upole, "ulimwona akirusha?"

"Nimemkuta na jiwe mkononi, mzee."

"Jiwe lililo mkononi ni jiwe ambalo halijarushwa. Wachungaji wote hushika mawe, ili kumrudisha mbuzi apoteaye. Hilo lililokivunja kioo chako liko wapi?"

Swali lile lilikuwa swali la mtu mwenye akili, na jibu lake lingeweza kupatikana kwa kutazama ndani ya motokaa. Lakini nilikuwa nimekasirika, na hasira haipendi maswali. Nikajibu, "Mimi ni mwalimu, mzee. Sisemi uongo." Mama yangu alinivuta nguo akasema, "Mwanangu, twende zetu, mimi sikuumia." Sikumsikiliza. Mzee alininyamazia kitambo. Kisha akaingia nyumbani akatoka na shilingi 2,000, zilizofungwa katika pembe ya kitambaa. Alisema kwamba ni fedha za mbuzi aliyemwuza ili kumnunulia mjukuu wake viatu na sare, kwa kuwa shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Nikazipokea. Ndiyo, msomaji, nikazipokea, nikaenda zangu harusini.

Niliporudi Mombasa nilikwenda kwa fundi yule yule. Alizoa vipande vyote vilivyokuwa kitini, sakafuni na katika mifereji ya paa, akaniuliza jiwe liko wapi. Tukatafuta, jiwe halikuwamo. Kisha akatazama ukingoni, ambako kipande kama kiganja kilikuwa kimebaki kimeshikwa na gundi. Kilikuwa na nyufa elfu lakini hakijaanguka. Akanionyesha jinsi nyufa zote zilivyoanzia mahali pamoja, zikatawanyika kama mishipa ya jani la mpapai. Na mahali pale palipoanzia nyufa palikuwa ni pengo lile lile, dogo kuliko punje ya mchele.

"Mwalimu," alisema, "kioo hiki hakikupigwa na mtu. Nilikuambia."

Nilihisi baridi moyoni. Sikulala vizuri usiku ule, na kulipokucha nilikwenda kwa mwalimu mwenzangu afundishaye fizikia, nikamtaka anieleze jinsi kioo kinavyoweza kupasuka pasipo kupigwa. Nitakueleza na wewe kama nilivyoelezwa na kama nilivyosoma baadaye, kwa sababu jambo lenyewe ni la ajabu.

Kioo cha kawaida, kama cha dirisha la nyumba, kikivunjika hutoa vipande virefu vyenye makali ya kisu. Kioo cha namna hiyo hakifai kuwekwa juu ya vichwa vya watu. Kwa hiyo katika motokaa nyingi kioo cha paa ni kioo kilichokomazwa. Kikiisha kukatwa na kupindwa kwa umbo lake, hutiwa moto wa zaidi ya nyuzi 600 za Selsiasi, kisha hupulizwa hewa baridi kwa ghafula juu na chini. Ngozi ya kioo hupoa na kuwa ngumu mara moja, ilhali moyo wake ungali moto. Baadaye moyo nao hupoa, na kitu kipoacho hunywea. Lakini hauwezi kunywea upendavyo, kwa sababu ngozi iliyokwisha kuwa ngumu huuzuia. Basi ngozi hubanwa na moyo huvutwa, na mashindano hayo hubaki ndani ya kioo siku zote za maisha yake.

Faida yake ni hii. Kioo huvunjika pale ufa unapofunguka. Ngozi iliyobanwa haiupi ufa nafasi ya kufunguka, kama vile watu waliosongamana bega kwa bega mlangoni wasivyompa mtu nafasi ya kupenya. Kwa hiyo kioo kilichokomazwa huwa na nguvu mara nne hivi kupita kioo cha kawaida cha unene ule ule. Lakini iko na hasara. Ufa ukipata kuivuka ngozi na kuufikia moyo unaovutwa, hakuna wa kuuzuia tena. Hukimbia kwa mwendo wa takriban mita 1,500 kwa sekunde, ukigawanyika na kugawanyika tena, na kabla ya jicho kupepesa kioo kizima kimekuwa changarawe. Ndiyo maana tulisikia mlio kama wa bunduki. Na ndiyo maana vipande vile, vidogo na visivyo na ncha ndefu, havikumwua mama yangu.

Tabia hii ya kioo ilijulikana zamani kabla ya motokaa. Mwaka 1661 wanachuoni wa Royal Society mjini London walichunguza matone ya kioo ambayo Prince Rupert, binamu wa mfalme Charles II, alikuwa ameyaleta Uingereza. Tone la namna hiyo hufanywa kwa kudondosha kioo kilichoyeyuka ndani ya maji baridi. Kichwa chake hustahimili pigo la nyundo. Lakini ukiivunja ncha ya mkia wake mwembamba, tone zima hulipuka na kuwa unga. Mimi nilikuwa nikiendesha motokaa yenye tone kama hilo paani, na fundi alikuwa amenionyesha kwamba mkia wake umekwisha kuguswa.

Sasa utaniuliza ni mambo gani yanayouamsha ufa. Ni manne. Jambo la kwanza ni jiwe, nami sitaki kukuficha: mawe huvunja vioo kweli, hasa yale yanayorushwa na magurudumu ya malori. Hata hivyo jiwe halivunji kila mara papo hapo. Pengine huacha jeraha dogo, na kioo kikapasuka siku nyingine, jiwe likiwa limekwisha kusahauliwa. Jambo la pili ni ukingo. Katikati ya kioo ni pagumu, lakini ukingo ndio udhaifu wake, na fundi mwenye haraka anayekibana kwa nguvu, au fremu iliyopinda kwa ajali au kwa mashimo ya barabara, huweza kuumegua. Jambo la tatu ni joto. Jua la pwani juu, na hewa iliyopozwa chini, huufanya upande mmoja utanuke na mwingine unywee. Kioo kizima huyavumilia hayo bila ya shida. Kioo chenye jeraha huenda kisiyavumilie.

Jambo la nne ndilo la ajabu zaidi. Pengine kiwandani kioo huingiwa na chembe ya salfidi ya nikeli, ndogo hata kama sehemu ya kumi ya milimita. Chembe hiyo ikiwa katika moto huwa na umbo moja, na ikipoa hutaka umbo jingine lililo kubwa zaidi kidogo. Kioo kinapopozwa kwa ghafula, haipati wakati wa kugeuka. Basi hukaa humo, ikigeuka polepole, pengine kwa miaka, hata siku moja ikakipasua kioo kutoka ndani. Katika jiji la Melbourne, Australia, jengo refu la ICI House lililofunguliwa mwaka 1958 lilipasukiwa na vioo vyake kwa namna hiyo, na mwaka 1961 mtaalamu mmoja aitwaye Ballantyne akaeleza kwamba chembe hizo ndizo sababu. Siku hizi vioo vingi vya majengo hupashwa moto tena kiwandani, ili vile vyenye chembe vivunjikie huko huko kabla ya kuwekwa juu ya watu.

Kiko kioo cha namna nyingine, nacho ni kioo cha matabaka. Mwaka 1903 mkemia wa Kifaransa, Édouard Bénédictus, aliangusha chupa ya kioo katika chumba chake cha kazi, akashangaa kuona kwamba imepasuka lakini haikutawanyika, kwa kuwa dawa iliyokaukia ndani yake ilivishika vipande. Baadaye, mwaka 1909, alipata hati ya uvumbuzi wa vioo viwili vilivyobandikwa pamoja kwa tabaka laini katikati. Vioo vya mbele vya motokaa hufanywa hivyo leo, na baadhi ya vioo vya paa vile vile. Maandishi madogo katika pembe ya kioo aghalabu hueleza ni cha namna gani.

Huenda wewe bado huna motokaa; lakini utapanda za wengine, na siku moja utakuwa na yako. Kwa hiyo lijue na hili: ni wakati gani kioo cha paa chapasa kubadilishwa? Wahenga walisema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Maneno hayo ni ya kweli, lakini ufa wa kioo kilichokomazwa hauzibwi. Katika kioo cha mbele, fundi huweza kulitia gundi tundu dogo lililoachwa na jiwe, na kioo kikaendelea kutumika. Katika kioo kilichokomazwa hakuna matibabu. Jeraha likiwa la kina, au ukingo ukimeguka, dawa yake ni kukiondoa chote. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: ukucha ukinasa, mwite fundi akitazame. Kioo cha matabaka kikipata ufa unaorefuka, nacho kibadilishwe, hata kama hakijaanguka. Na motokaa ikiisha kugongwa, fremu ya paa ipimwe kwanza, kwa kuwa kioo kipya katika fremu iliyopinda ni fedha iliyotupwa.

Lakini usibadilishe kioo kwa kila dalili. Maji yakivuja ndani wakati wa mvua, aghalabu kosa si la kioo. Ni mirija ya kupitishia maji iliyozibwa na majani na vumbi, au ni mpira uliochakaa. Kioo kikigongagonga njiani, pengine ni skrubu zilizolegea. Na ikiwa kioo kimekwisha kupasuka, usikiguse kwa mikono mitupu, wala usikigonge ili kianguke. Simama mahali pa salama, vaa viatu, funga pazia la ndani ikiwa lafungika, funika paa kwa karatasi ya plastiki, uende polepole hadi kwa fundi; naye avizoe vipande vyote vilivyo katika mifereji kabla ya kutia kioo kingine, cha umbo na unene ule ule wa kwanza.

Hayo yote niliyajua baada ya wiki moja. Lakini shilingi 2,000 zilikuwa zingali mfukoni mwangu.

Jumamosi nilirudi Taru, na mama yangu alikataa kubaki nyumbani. Tulimkuta mzee chini ya mti wake. Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee," akaniitikia, "Marahaba, mwanangu," kana kwamba hakuna lililotokea baina yetu. Nikamweleza kila jambo: pengo la ukingoni, onyo la fundi, bei niliyoiogopa. Nikamrudishia fedha zake kwa mikono miwili, na juu yake nikaweka za viatu. Aliyapokea yake, ya viatu akanirudishia.

"Fedha umerudisha, nami nashukuru," alisema. "Lakini mtoto nilimchapa jioni ile. Alikana, nami nikamchapa kwa kukana, kwa sababu nilijiambia kwamba mwalimu hasemi uongo."

Msomaji, nimepata kuadhibiwa nilipokuwa mwanafunzi, na nimepata kukemewa na wakubwa wangu wa kazi. Lakini hakuna neno lililonichoma kama lile. Mzee hakulisema kwa ukali. Alilisema kama mtu anayetoa hesabu, ili ijulikane ni kiasi gani kimelipwa na ni kiasi gani hakiwezi kulipwa.

Kijana aliitwa. Nikamwomba radhi mbele ya babu yake na mbele ya mama yangu. Alitazama chini kwa muda mrefu, akichora mchangani kwa kidole cha mguu. Kisha akauliza, "Mwalimu, kioo chaweza kuvunjika bila ya kupigwa?"

Nikaketi chini. Nilikuwa nimechukua vipande vichache katika kopo. Nikampa avitazame, nikamweleza habari za ngozi ibanwayo na moyo uvutwao, na habari za pengo dogo lililongoja miezi. Alisikiliza vizuri kuliko wanafunzi wangu wengi. Nilipokwisha, alisema, "Kumbe kilikuwa kimevunjika zamani." Akakirudisha kipande koponi, akawafuata mbuzi wake.

Motokaa yangu ina kioo kipya sasa, na mama yangu angali anatazama mawingu. Bei ile niliyoiona kubwa nililipa yote, nami sasa najua kwamba ilikuwa ndogo. Nakuomba, msomaji mpenzi, uyachukue mambo mawili kutoka katika kisa hiki. Fundi akikuonyesha jeraha dogo katika kitu kinachobeba uhai wa watu, usingoje mwisho wa mwezi. Na kitu kikivunjika, usimkamate aliye karibu kwa kuwa yu karibu. Ulize kwanza kimeanza kuvunjika lini, na kwa mkono wa nani. Mimi nilipouliza, niliona ya kwamba mkono ule ulikuwa wangu.